Kosa la NoSuchProviderException: laptopu inatuma, seva inagoma

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeandika programu ya Java inayotuma risiti za ada kwa wazazi 400 wa shule moja hapa Morogoro. Imefanya kazi tangu mwaka jana bila shida. Wiki iliyopita niliongeza maktaba ya kutengeneza ripoti, nikajaribu kwenye laptopu yangu, risiti zikaenda. Nilipoipandisha kwenye seva ikaanza kuleta `javax.mail.NoSuchProviderException: smtp`. Nimepiga simu kwa kampuni inayotukodishia seva, wanasema porti zote ziko wazi. Nimeweka ijaribu mara tano kwa kila mzazi, isubiri sekunde 30 kati ya jaribio na jaribio, na zikishindwa zote tano inamwandika mzazi huyo kuwa anwani yake ni mbovu. Bado inagoma. Kwenye folda ya lib kuna `javax.mail-1.6.2.jar`, `jakarta.mail-2.0.1.jar` na nyingine nyingi. Naiwasha kwa `java -cp "lib/*:classes" Risiti`. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujasoma mstari mwingine, zima hiyo programu.

Umezima? Sasa piga hesabu nami. Majaribio matano yana nafasi nne za kusubiri katikati, kila moja sekunde 30, yaani dakika mbili kwa mzazi mmoja. Kwa wazazi 400 ni dakika 800. Ni saa 13 na dakika 20 za kutwanga maji kwenye kinu, na kila baada ya dakika mbili jina la mzazi asiye na kosa linaingia kwenye orodha ya wenye anwani mbovu. Kosa lenyewe utalimaliza leo kabla ya chakula cha mchana. Hiyo orodha ndiyo itakayokuchukulia muda, nami nitairudia mwishoni.

Kinachopotosha watu hapa ni neno *provider*. Ukilisoma unaona mtoa huduma, na mtoa huduma tunayemjua ni kampuni ya simu au ya intaneti, kwa hiyo mkono unakwenda kwenye simu. Si wewe peke yako. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilikesha na kosa hilihili nikibishana na fundi wa kampuni iliyotukodishia seva, yeye ananiambia porti 587 iko wazi, mimi namwambia haiko. Alikuwa sahihi. Katika JavaMail, maktaba ya Java ya barua pepe, provider ni klasi tu, iliyo ndani ya jar (furushi la klasi za Java), inayojua kuongea itifaki fulani: kuna ya smtp ya kutuma barua, kuna za imap na pop3 za kuzisoma. Kosa hili maana yake ni kwamba programu imeenda kumtafuta huyo msemaji ndani ya mafaili yako yenyewe ikamkosa. Hakuna hata baiti moja iliyotoka kwenye mashine. Ukitaka kuamini, zima Wi-Fi kwenye kompyuta yenye kosa hili uendeshe tena: litakuja lilelile, neno kwa neno. Matatizo ya mtandao yana sura yake. Seva isipofikika utaona "Couldn't connect to host", pasiwedi ikikataliwa utaona `AuthenticationFailedException`.

Sasa tusome ujumbe wako vizuri, maana una jambo ambalo wengi hulipita. Wako umeandika `smtp` basi. Haukuandika `No provider for smtp`. Mtu anaweza kudhani ni uandishi tu, lakini hayo ni makosa mawili yanayotoka sehemu mbili tofauti za kodi ya JavaMail.

Unapoita `getTransport("smtp")`, kazi inakwenda kwa hatua mbili. Kwanza Session, yaani kikao kinachobeba mipangilio yako ya barua, inaangalia daftari lake: je, itifaki inayoitwa smtp imesajiliwa? Daftari hilo linajazwa kutoka kwenye mafaili madogo ya maandishi yanayokaa ndani ya jar, `META-INF/javamail.providers` na `META-INF/javamail.default.providers`. Ukifungua la pili utakuta mistari ya namna hii:

```
protocol=smtp; type=transport; class=com.sun.mail.smtp.SMTPTransport; vendor=Oracle;
```

Jina lisipokuwamo, unapata `No provider for smtp`. Likiwamo, inakuja hatua ya pili: kuichukua klasi iliyotajwa na kutengeneza kitu halisi kutokana nayo. Hapo pakikwama, kwa sababu yoyote ile, unapata jina la itifaki peke yake, kama lako. Kwa maneno mengine, daftarini msemaji yumo, ila aliyeitwa hakufaa.

Na kinachoudhi ni kwamba sababu halisi ya kukwama inamezwa. Haiambatanishwi na kosa unaloliona, kwa hiyo hata ukichapisha `getCause()` utapata null. Inaandikwa kwenye logi ya ndani tu, na logi hiyo huioni mpaka uweke `mail.debug` kuwa `true` kwenye Properties (mipangilio unayoipa Session) kabla ya kuunda Session. Ukiita `setDebug(true)` baada ya Session kuundwa, maelezo ya jinsi daftari lilivyojazwa yatakuwa yameshapita. Ukiiwasha mapema, utaona mafaili yaliyosomwa, jedwali la itifaki zote zilizosajiliwa, na ukishuka chini utakutana na maneno "Exception loading provider" yakifuatwa na sababu yenyewe. Fanya hivyo kwenye seva, si kwenye laptopu.

Ila kwa hali yako naweza kukuambia mapema utakachokikuta, kwa sababu umenionyesha folda.

Una jar mbili za barua pepe. Ya kwanza, `javax.mail-1.6.2.jar`, ndiyo uliyoandikia programu yako. Ya pili, `jakarta.mail-2.0.1.jar`, hukuiweka kwa mkono wako. Imeletwa na hiyo maktaba ya ripoti kama mzigo wake. Java EE ilipohamia Eclipse Foundation, majina ya pakeji yalibadilishwa kutoka `javax` kwenda `jakarta`, na kwa upande wa barua pepe mabadiliko hayo yaliingia na toleo la 2.0, mwaka 2020. Kilichobadilika ni jina la API, yaani majina ambayo kodi yako inayaita. Klasi zinazofanya kazi chini yake zilibaki na jina la zamani, `com.sun.mail`, ndani ya jar zote mbili. Kwa hiyo kwenye folda yako kuna `com.sun.mail.smtp.SMTPTransport` mbili. Ni somo, wanaitana jina moja herufi kwa herufi, lakini wametoka koo mbili: mmoja ni mtoto wa `javax.mail.Transport`, mwingine wa `jakarta.mail.Transport`. Java ikiitwa kumleta SMTPTransport inamleta wa kwanza kumkuta njiani. Akija wa jakarta, Session yako ya javax inamtazama, inaona si wa ukoo wake, inamkataa, kisha inakuambia `NoSuchProviderException: smtp`.

Kwa nini basi laptopu inatuma? Kwa sababu ya ile nyota kwenye `lib/*`. Ndani ya IDE, programu unayoandikia kodi, jar zinapangwa kwa utaratibu ulioandikwa kwenye mradi, na inaelekea ya javax ndiyo iliyotangulia. Kwenye seva umeiachia Java ifungue folda yenyewe, na maelezo rasmi ya Java yanasema wazi kuwa mpangilio wa jar zinazotokana na nyota haukuahidiwa: unaweza kutofautiana kati ya mfumo na mfumo, hata kati ya saa na saa kwenye mashine ileile. Nalitilia mkazo hili kwa sababu najua kishawishi kitakachokujia. Utawasha upya, itatuma, utashukuru Mungu na kwenda kulala. Usilale.

Uhakikishe kwanza. Washa programu kwenye seva ukiongeza `-verbose:class`, kisha chuja matokeo:

```
java -verbose:class -cp "lib/*:classes" Risiti | grep SMTPTransport
```

Mstari utakaotoka unataja faili klasi ilikotolewa. Ukisoma `jakarta.mail-2.0.1.jar`, kesi imekwisha.

Dawa ni kubaki na nyumba moja. Ningekuwa mimi ningehamia jakarta, maana huko ndiko wenzako wote wanakoelekea. Spring Boot 3, mfumo wa kujengea programu za Java uliotoka Novemba 2022, haikubakiza javax.mail. Kwa programu ndogo kama yako kazi ni kubadilisha `import javax.mail` ziwe `import jakarta.mail`, vilevile `javax.activation` kama unaitumia, kisha kufuta `javax.mail-1.6.2.jar` na kuhakikisha `jakarta.activation` ya toleo la 2.0 imo. Kama hutaki kugusa kodi sasa, fanya kinyume chake: itoe ile ya jakarta kwa `exclusion` kwenye Maven (kifaa cha kukusanya maktaba za mradi), ukijua kwamba maktaba ya ripoti ikijaribu kutuma barua yenyewe itaanguka. Kwa vyovyote vile, endesha `mvn dependency:tree | grep mail` kila unapoongeza maktaba, na folda ya lib kwenye seva ifutwe yote kabla ya kupandisha toleo jipya. Jar kuukuu zilizosahaulika kwenye seva zimenipotezea siku nyingi kuliko kodi mbaya.

Tahadhari kidogo kwa anayetaka kuruka moja kwa moja hadi Jakarta Mail 2.1. Kuanzia hapo API na utekelezaji wake vimetenganishwa, na utekelezaji sasa unaitwa Eclipse Angus. Ukiweka `jakarta.mail-api` peke yake ukadhani umemaliza, utapokewa na `IllegalStateException: Not provider of jakarta.mail.util.StreamProvider was found`. Kiingereza chake kimepinda, lakini ujumbe ni uleule: umeleta mkataba, hukuleta mfanyakazi. Ongeza `org.eclipse.angus:angus-mail`.

Tuje kwenye jambo uliloliuliza bila kuliuliza, yaani try-catch yako, ile sehemu ya kodi inayokamata makosa na kujaribu tena.

`NoSuchProviderException` ni mtoto wa `MessagingException`. Ukikamata mzazi, umewakamata watoto wote kwenye wavu mmoja: mtandao uliokatika, pasiwedi iliyobadilishwa, anwani isiyokuwepo, na jar iliyokosekana. Kisha ukawapa wote dawa moja, ya kujaribu tena na mwisho kumlaumu mpokeaji. Kujaribu tena kunafaa kwa mtandao uliokatika tu. Jar isiyokuwepo saa nne asubuhi haitakuwepo saa nne na sekunde 30. Na anwani ya mzazi haihusiki hata chembe, kwa sababu programu ilianguka kabla ya kuwa na mtu wa kumpelekea.

Ningeanza kwa kulipeleka kosa hili mahali pake, ambapo ni mwanzo kabisa wa programu:

```java
Session kikao = Session.getInstance(mipangilio);
try {
    kikao.getTransport("smtp");
} catch (NoSuchProviderException e) {
    throw new IllegalStateException("Klasi ya smtp haipatikani. Kagua lib/", e);
}
```

Hapo haiunganishi popote wala haitumi kitu. `getTransport` inatengeneza kitu tu, kuunganisha ni kazi ya `connect`. Programu ikikosa msemaji wake, na ife palepale mbele ya macho yako unapoipandisha, si saa nane usiku katikati ya orodha. Halafu kwenye kitanzi chenyewe:

```java
try {
    Transport.send(barua);
    weka(mzazi, "IMETUMWA");
} catch (NoSuchProviderException | AuthenticationFailedException e) {
    throw e; // kosa letu: simamisha kila kitu
} catch (SendFailedException e) {
    kaguaAnwani(mzazi, e); // huenda ni anwani
} catch (MessagingException e) {
    rudishaFoleni(mzazi); // huenda ni mtandao: baadaye
}
```

Watoto wanatangulia, mzazi anafunga. Ukipindua, kodi haitakampaili. Pasiwedi iliyokataliwa nimeiweka kapu moja na jar iliyokosekana kwa makusudi, maana kuirudia mara 2,000 kunaweza kukufungia akaunti. Ndani ya `kaguaAnwani` usimhukumu mzazi kwa kuona `SendFailedException` tu. Uliza `getInvalidAddresses()`: zilizomo humo seva ya barua imezikataa. Zilizo kwenye `getValidUnsentAddresses()` hazina ubaya wowote, ila hazikutumiwa, basi zirudi foleni. Orodha hizo zinaweza kuwa null, usisahau kuangalia.

Na kwa kuwa unajaribu tena kwa sababu ya mtandao, weka `mail.smtp.connectiontimeout` na `mail.smtp.timeout`, zote kwa milisekunde. Usipoziweka, JavaMail inasubiri bila kikomo, na programu iliyoganda haileti kosa lolote la kukamata.

Angalia pia `import` yako. Java ina `NoSuchProviderException` nyingine, ya `java.security`, isiyohusiana kabisa na barua, na IDE hupenda kukupendekezea hiyo kwanza. Ukiikubali bila kutazama, kampaila italalamika kuwa kosa hilo halirushwi popote ndani ya try, nawe utakaa unakodolea macho mstari usio na kasoro.

Wenye ujumbe ule mwingine, `No provider for` na jina mbele yake, wasome hilo jina herufi kwa herufi kabla ya kugusa jar. Nimeona `stmp`. Nimeona `pop` mahali pa `pop3`. Nimeona `SMTP` kwa herufi kubwa, ambayo daftari haliitambui, na `smtp` yenye nafasi tupu mwishoni iliyotoka kwenye faili la mipangilio. Kuna waliopitisha anwani ya seva mahali pa itifaki, wakaambiwa hakuna provider wa `imap.gmail.com`. Ukiona `Invalid protocol: null`, umeita `getStore()` bila kutaja itifaki na hukuweka `mail.store.protocol`. Na ukirekebisha mipangilio kosa likabaki vilevile, tazama kama unatumia `Session.getDefaultInstance`: hiyo hukurudishia Session ya kwanza iliyoundwa, na Properties mpya unazompa hazisomwi.

Kwa wanaofunga kila kitu kwenye jar moja nene, lawama huenda kwa mafaili ya `META-INF`. Jar mbili zikiwa na faili lenye jina moja, moja humfuta mwenzake, na daftari linabaki nusu. Kwenye Maven Shade kuna `ServicesResourceTransformer` na `AppendingTransformer` za kuyaunganisha. Msisahau `META-INF/mailcap`, likipotea hilo, smtp itapatikana lakini barua yenye kiambatisho italeta "no object DCH for MIME type multipart/mixed". Kwenye Android, kifaa cha kupunguza ukubwa huondoa klasi zisizoitwa moja kwa moja, na hizi huitwa kwa jina tu, hivyo ziandikieni kanuni ya keep.

Moja zaidi, kwa sababu inafanana sana na yako ya laptopu na seva. Spring Boot inayotuma barua ndani ya `CompletableFuture.runAsync` inaweza kufanya kazi kwenye IDE ikagoma ikiwa jar. Tangu Java 9, nyuzi (thread) za bwawa la pamoja hubeba kipakiaji cha klasi cha mfumo, na hicho hakioni jar zilizofichwa ndani ya jar. Mpe `runAsync` Executor yako mwenyewe na kosa linatoweka.

Turudi kwa wazazi. Usiwarudishe wote 400 kuwa wazima kwa mkupuo, maana huenda wamo wachache ambao anwani zao zilikuwa mbovu kweli tangu mwaka jana. Kama jedwali lina tarehe ya mabadiliko, wageuze walioandikwa mbovu kuanzia siku ulipopandisha toleo jipya. Kama halina, logi ya seva itakusaidia: chuja mistari yenye `NoSuchProviderException`, toa anwani zilizotajwa hapo, hao ndio waliosingiziwa. Risiti zao hazikutoka hata moja, kwa hiyo huna hofu ya kumtumia mtu mara mbili, ila kama kati ya siku hizo uliwasha upya ikatuma kidogo, hao watakuwa na alama ya IMETUMWA, waache. Anza na anwani yako mwenyewe, kisha ya mhasibu wa shule, umpigie simu athibitishe kuwa risiti imefika na inafunguka, ndipo uwaachie waliobaki.